Nimelipa dola 240 za "mazingira" juu ya safari ya gofu. Miche iko wapi?

Wandugu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kungoja ipoe, kwa sababu ikipoa nitanyamaza kama nilivyonyamaza mara nyingine.

Mwezi wa kumi uliopita mimi na mume wangu tulitoka Lubumbashi tukapitia Nairobi kwenda kisiwa cha Morisi, siku nane. Yeye anacheza gofu. Mimi sichezi. Mimi ni mtu wa kilimo, nimesomea udongo na mimea, na ndiyo kazi inayonilisha. Safari tuliinunua kwa ajansi moja ya hapa mjini, na jina lake nalificha kwa sasa kwa sababu nataka kwanza wanijibu. Karatasi yao imechorwa jani la kijani pembeni, na imeandikwa kwa Kifaransa kwamba ni likizo ya gofu inayoheshimu mazingira. Kwenye risiti kuna mstari peke yake: mchango wa mazingira, dola 120 kwa kila mtu. Niliuliza zinakwenda wapi. Binti wa kaunta akaniambia, "Mama, usiogope, yote iko mule ndani, na ile ya miti tutakutumia mpaka foto."

Walituahidi vitu vitatu. Uwanja unamwagiliwa kwa maji machafu ya hoteli yaliyosafishwa, wala hauchoti maji ya wananchi. Chumbani hakuna chupa za plastiki. Na kwa kila msafiri wanapanda miche kumi kwetu Lubumbashi, upande wa barabara ya Kipushi, kulipia moshi wa ndege.

Wengine mtasema, mwenye pesa ya kwenda kucheza gofu analilia dola 240? Ndiyo, nazililia. Nyumbani kwetu bomba likitoa maji ni usiku wa manane. Naamka saa tisa usiku, nakinga bidoni moja moja, na binti yangu mkubwa anashika tochi. Mwezi wa kumi, joto lile mnalijua, vumbi limejaa hadi kwenye sahani, kisima cha jirani kimekauka na foraji ya kanisani, kisima kilichochimbwa kwa mashine, ina foleni tangu alfajiri. Mtu aliyeishi hivyo akiambiwa kuna mahali watu wanacheza bila kunywa maji ya wenzao, anatoa pesa kwa moyo mweupe. Ndivyo nilivyotoa.

Siku ya tatu, saa sita mchana kamili, jua la utosi na upepo wa bahari, nilikuwa nimekaa chini ya mvinje namngoja mume wangu amalize. Mashine za kunyunyizia zikafunguka zote kwa pamoja. Maji yalipigwa na upepo, nusu yakaangukia nyasi, nusu yakaangukia lami ya njia ya vigari, yakateremka kama kijito hadi kwenye mchanga. Mkulima yeyote wa Kasapa, hapa kwetu, anajua humwagilii mboga saa sita. Unamwagilia alfajiri au jioni, la sivyo unalisha jua. Nikamfuata mfanyakazi wa bustani, mtu mzima mwenye adabu, nikamuuliza maji haya yanatoka kwenye mtambo wa kusafisha? Akanitazama, akajibu taratibu kwamba mtambo umesimama tangu mwaka jana, haya ni ya visima.

Nilishindwa kula chakula cha mchana siku ile.

Mnisamehe nikieleza kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu. Uwanja wa mashimo 18 unachukua hekta 50, 60, na nyasi zile hazilali njaa wala kiu hata siku moja. Kwenye kisiwa, maji baridi ya chini ya ardhi yamekaa juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa nguvu karibu na pwani, chumvi inapanda, na kisima kikishaingiwa na chumvi, kukirudisha ni kazi ya miaka. Kisha kuna mbolea. Nitrojeni na fosforasi ambazo nyasi haikuzimaliza zinashuka na maji hadi baharini, mwani unastawi, matumbawe yanafunikwa na kukosa mwanga. Samaki wa mvuvi wa pale wanaishi kwenye matumbawe hayo. Na mwezi wa kumi ndio ukame wao, kama sisi. Ng'ambo ya barabara ya hoteli, jioni ileile, niliona lori la maji limesimama na akina mama wamepanga ndoo. Ndoo za rangi zilezile tunazonunua sisi soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Mume wangu aliona pia, na kesho yake hakwenda kucheza.

Sisemi gofu ni dhambi. Mume wangu anaipenda na mimi nampenda akiwa na furaha. Gofu inaweza kuendeshwa kwa akili. Kuna nyasi inaitwa paspalum, inavumilia maji yenye chumvi ambayo nyasi nyingine ingekufa nayo, na viwanja vya nchi za joto vimeipanda. Kuna viwanja vinavyoacha vichaka vya kienyeji kati ya shimo na shimo, vikatunza ndege na nyuki. Kuna cheti cha taasisi ya GEO ya Uskochi ambacho hupati bila mkaguzi wa nje kuja kukagua maji yako, dawa zako na takataka zako, na majina ya viwanja vilivyopita yako wazi kwa yeyote mwenye simu. Niliporudi niliangalia. Hoteli yetu haimo. Lile jani la kijani kwenye karatasi ya ajansi si cheti cha mtu yeyote, ni mchoro tu.

Chupa za plastiki tulikuta nne chumbani, na kila asubuhi nne nyingine. Tuliache hilo.

Siku ya sita nililipa pesa yangu mwenyewe nikaenda Île aux Aigrettes, kisiwa kidogo cha hekta 26 upande wa kusini-mashariki, kinachotunzwa na shirika la wanyamapori la Morisi. Hekta 26! Nusu ya uwanja wa gofu. Pale wameng'oa mimea vamizi kwa mikono, wakarudisha miti ya ebony ya kienyeji, wakaleta kobe wakubwa wa Aldabra wachukue nafasi ya kobe wa Morisi waliokwisha kabisa. Nilimwona njiwa wa waridi ametua kwenye tawi juu yangu, kifua chake rangi ya ua lililofifia. Mwongozaji akatuambia mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki porini kama kumi tu. Leo ni mamia. Nililia, sioni aibu kusema. Na watu wa pwani ileile ndio walioshona vizuizi vya majani ya miwa kwa mikono yao mwaka 2020, meli ya Wakashio ilipomwaga mafuta kwenye maji yao. Kwa hiyo msiniambie Morisi hakuna wanaojali. Wapo. Pesa yangu haikuwafikia.

Sasa miche.

Tulirudi, nikangoja foto. Mwezi wa kumi na mbili ikaja kwenye WhatsApp: miche imepangwa kwenye vifuko vyeusi, mtu kainama. Nikafurahi, nikamtumia dada mmoja wa kanisani ambaye naye alisafiri na ajansi hiyohiyo mwaka uliotangulia. Akanirudishia foto yake. Ni ileile. Mtu yuleyule, kainama vilevile, hata kivuli hakijasogea.

Nikaomba wanionyeshe shamba. Walikwepa majuma matatu, mwisho wakanitajia mahali. Jumamosi nikachukua gari na kijana wangu tukaenda barabara ya Kipushi. Tulikuta mashimo kama thelathini, yamechimbwa kwa haraka, mengine yameshajaa tope. Hakuna mche hata mmoja. Mita mia moja mbele kulikuwa na tanuru la makala, yaani makaa ya kupikia, linafuka, na magunia sita yamesimama kando ya njia yakingoja baiskeli. Wale wachoma makala siwalaumu, wanapeleka watoto shule, na mimi mwenyewe napikia makala umeme ukikatika. Lakini mulombwa uliokatwa pale, kisiki chake bado kilikuwa kinatoa utomvu mwekundu. Hiyo ndiyo miti niliyolipia ipandwe upya.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwao. Mkubwa wao akaniambia, "Mama, tulia, tunangojea mvua." Mvua gani? Tuko mwezi wa tatu! Mvua ilianza mwezi wa kumi na moja. Mche unaupanda mvua ikishatulia, mwezi wa kumi na mbili hivi, upate miezi minne ya kushika mizizi kabla kiangazi hakijaingia mwezi wa tano. Ukipanda leo, mwezi wa nane unakwenda kuokota vijiti. Nilimweleza hivyo, kwa heshima, mbele ya wateja wengine. Akasema mchango haurudishwi.

Ninachotaka ni hiki. Waniandikie, kwa kalamu na muhuri, dola 240 zilikwenda wapi. Kama hazikwenda popote, wanirudishie, nitanunua miche ya miti ya kwetu nipande mwenyewe kwenye mashimo yale, msimu ujao kwa wakati wake. Na waondoe lile jani kwenye karatasi zao.

Ninyi mnaotaka kusafiri, kabla ya kulipa ulizeni jina la kiwanja na mkitafute kwenye orodha ya cheti. Ulizeni maji yanatoka wapi. Ombeni kuona shamba la miti kabla ya kutoa dola, si baada.

Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi narudi pale ofisini na mume wangu, na foto zote mbili nimezichapa kwenye karatasi. Kama unayo risiti yenye mstari ule wa mchango wa mazingira, niandikie faraghani nikuambie ni wapi, uje nayo.