Ushauri wakuu: nikiwa India, niende Kerala kuona Kathakali au Santiniketan kwa Tagore?

Mwalimu wa Zamu
Heshima kwenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa fasihi, sekondari moja huku Morogoro. Mwezi wa saba nitakuwa India na nitapata siku chache za kwangu. Tangu chuo nina kiu ya mambo mawili. La kwanza Kerala: nikeshe hekaluni nitazame Kathakali, ile tamthilia yao ya kucheza ngoma, mpaka alfajiri, yule mwigizaji asiyetamka neno, waimbaji nyuma yake ndio wanaosimulia, yeye anasema kwa macho na vidole tu. La pili Santiniketan, kule Bengali Magharibi, ambako mshairi Tagore alianzisha shule ya kufundishia chini ya miti, na mwaka 1921 ikawa chuo. Ile tamthilia yake ya posta, ya mtoto mgonjwa aliyekatazwa kutoka nje akawa anaongea na wapita njia dirishani, niliwaigizisha kidato cha tatu, mlinzi wa shule akalia. Muda hautoshi kwenda kote. Nichague wapi?

Kijukuu cha Chifu
Ngoja waje wajuzi. Mimi nipo hapa na karanga zangu.

Pune Enzi Hizo
Mimi nilisoma Pune mkuu. Kathakali sikuwahi kuiona, ila Pune watu wanajaa ukumbini kutazama tamthilia za Kimarathi kama sisi tunavyojaa mpirani. Wenzangu walinipeleka kuona ile ya mwandishi Vijay Tendulkar ya mwaka 1972, inayomhusu mkuu wa polisi wa Pune ya zamani. Waigizaji wanajipanga mstari mmoja wanakuwa pazia, wanayumba, wanaimba, halafu pazia linaachia mwanya unaona wakubwa wanafanya nini nyuma yake. Kimarathi sikujua hata salamu na nilielewa yote. Kutoka nje nikakuta baiskeli yangu imeibiwa. Nilitembea kwa miguu mpaka hosteli, tena mvua.

Fundi Redio
Sasa hapo umemshauri nini?

Mama Nasra
Siku chache "za kwangu" ndiyo nini? Hizo nyingine ni za nani? Na nauli kakulipia nani?

Mwalimu wa Zamu
Ni safari ya kifamilia dada. Tuyaache hayo, swali langu ni Kerala au Santiniketan.

Fundi Redio
Wewe nenda Mumbai ukazunguke mti na mtoto wa watu, mvua ianze ghafla, ukishtuka umeshabadilisha shati mara tatu.

Mchikichini
Kerala, bila kufikiri mara mbili. Ila zile za saa moja za watalii mahotelini usizikaribie. Arundhati Roy kwenye riwaya yake ya mwaka 1997 aliwaonyesha waigizaji wanaokatakata hadithi ili watalii wasichoke, halafu usiku wanakwenda hekaluni kuwaomba miungu wao radhi. Nenda Kalamandalam, pale Cheruthuruthy, chuo alichokianzisha mshairi Vallathol mwaka 1930. Kuna mahekalu, Guruvayur kwa mfano, asiye wa dini yao haingii kabisa, lakini chuo kina ukumbi wake uliojengwa kwa mtindo wa hekalu na pale hakuna anayekuuliza dini. Unatua mji gani?

Mwalimu wa Zamu
Chennai.

Mama Nasra
Chennai! Safari ya kifamilia, Chennai. Nani anaumwa?

Mwalimu wa Zamu
Haya. Namsindikiza mama mdogo, anabadilishwa valvu ya moyo. Ukoo umechanga. Lakini nisikilizeni kabla hamjanirukia. Akishatoka chumba cha upasuaji anawekwa kwenye uangalizi maalumu, na huko ndugu hukai, unaingia dakika chache unatolewa. Nikae kwenye benchi namlinda nani? Treni ya usiku kutoka Chennai hadi Shoranur inanishusha asubuhi, mto ukishauvuka tu umefika chuoni. Tiketi nimeshakata, na ni kwa mshahara wangu, si mchango wa mtu.

Kijukuu cha Chifu
Kumbe Santiniketan ilikuwa ya kutupotezea muda.

Mzee Kondo
Vijana wa siku hizi. Mgonjwa yuko na mashine mdomoni, wewe unatazama watu waliopakwa rangi ya kijani usoni. Mama mdogo ni mama.

Nilimuuguza Baba
Kaka, baba yangu alitibiwa kule. Akiwa kwenye uangalizi ndipo wanapokuita kuliko wakati wowote: njoo saini, njoo ulipie dawa, njoo daktari akueleze. Mimi niliitwa saa nane usiku nikashuka ngazi na viatu tofauti. Jambo moja tu: mama mdogo Kiingereza anakijua?

Mwalimu wa Zamu
Kiswahili na Kiluguru. Lakini nyumba ya wageni tutakayofikia yupo dada Mkongo wa Lubumbashi anayemuuguza mumewe. Tumeshaongea kwa simu, amekubali kumwangalia.

Fundi Redio
Mluguru anamweleza Mkongo, Mkongo anamweleza daktari wa Kitamili. Mkuu tamthilia unayoitafuta itakuwa hapo hapo wodini, bure.

Mkaguzi wa Chai
Wakuu mmelishwa chai nzito. Nimepita Kerala kikazi. Mikesha ya mahekaluni inaishia kama mwezi wa tano. Mwezi wa saba ni mvua usiku kucha, nani akeshe na nani? Mwalimu mwenye kiu tangu chuo hajui hilo? Halafu angalieni: tamthilia ya mtoto mgonjwa anayefungiwa ndani, mara mama mgonjwa, mara Mkongo wa huruma. Huyu anatunga, anatutumia sisi kama waigizaji.

Kijukuu cha Chifu
Karanga zimeisha na kumbe ilikuwa kamba!

Mzee Kondo
Mimi nilihisi toka mwanzo.

Mwalimu wa Zamu
Mkesha ni ndoto yangu, sikusema nitaupata. Ninachofuata mwezi wa saba ni mafunzo. Alfajiri wanafunzi wanapakwa samli machoni wanazungusha mboni, juu, chini, pembeni, mwalimu anagonga mdundo kwa kijiti. Halafu wanapakwa mafuta, wanalala chini, na mwalimu anawakanda mgongo kwa nyayo zake huku ameshika mti uliofungwa juu asiwaelemee. Hiyo hufanyika msimu wa mvua. Ukienda Januari huioni.

Mkaguzi wa Chai
Maneno tu. Weka tiketi.

Mwalimu wa Zamu
Sijui kuweka picha humu. Imeandikwa tarehe, Chennai Central, na WL 38.

Pune Enzi Hizo
😂😂 Mkuu, WL ni foleni! Huna kitanda. Wa mbele yako wakighairi unapanda. Ikifika saa chache kabla ya safari hujafikiwa, inajifuta yenyewe na hela inarudi, wamemega kidogo.

Mkaguzi wa Chai
WL 38. Basi nafuta kauli, mtu wa kutunga angejipa kitanda cha dirishani.

Nilimuuguza Baba
Hapo ndipo pa kumshukuru Mungu. Hela irudi, ukae.

Mwalimu wa Zamu
Nimeangalia sasa hivi. Imeshuka, 21.

Mama Nasra
Nitumie faragha namba ya huyo Mkongo. Nataka kumsikia mwenyewe anavyoongea.