Muuguzi alazimishwe kujiunga na TANNA, chama cha taaluma cha wauguzi Tanzania, au aachwe aamue mwenyewe?

Zamu ya Usiku: Wakuu, kila Mei 12 ikikaribia, Siku ya Wauguzi Duniani, hoja hii hurudi kazini kwetu: asiye mwanachama wa TANNA asihuishiwe leseni. Napinga.

Leseni hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, chombo cha kisheria, kazi yake kumlinda mgonjwa. TANNA ni chama cha hiari. Ukivichanganya hivyo viwili, watu watalipa ada kama wanavyolipa faini, na kikao cha tawi hawatatia mguu.

Wanaotaka lazima wanadai chama kitatupa kujiamini. Mimi naona kujiamini kunatangulia. Tazameni raundi ya asubuhi, daktari anapopita wodini: aliyekesha ndiye anayejua nani hakulala, nani hajakojoa tangu saa nne usiku, lakini kasimama nyuma na mafaili, anasubiri aulizwe. Huyo hata mkimpa kadi tatu, mkutano mkuu atakaa kimya vilevile. Raundi ianze kwa taarifa yake kwanza, mambo ya kadi baadaye.

Mama Leba: Umeanzia mwisho, kaka. Mimi nilikuwa huyo wa nyuma. Tawi ndilo lililonizoesha kusema, maana nilipewa ukatibu bila kuombwa ridhaa (ndiyo, kwa lazima!), nikaandika barua ya kudai glovu. Na mbona TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, ikikata ada ya uwakala kwa wasio wanachama hulalamiki? Sheria ya Ajira ya 2004 inaruhusu.

Zamu ya Usiku: Dada, chama cha wafanyakazi kinakaa mezani na mwajiri. Wakipata nyongeza, na asiye mwanachama anaipata, kwa hiyo achangie. TANNA haijadili mishahara.

Wa Nakuru: Huku Kenya mgomo wa 2017, Juni hadi Novemba, uliongozwa na KNUN, ambacho ni chama cha wafanyakazi. NNAK ndicho cha taaluma. Wenzangu wengi wako KNUN tu, wanasema huko ndiko kwenye pesa. Lakini pesa haijawafanya wamkatalie daktari dozi iliyokosewa.

Mama Leba: Hapo sasa! Na ukimkatalia, kesho yake nani anasimama nawe ofisini kwa mganga mfawidhi? Kaka, jibu hilo kwanza. Glovu, kwa taarifa yako, zilikuja.