Jumilla, Toro au Campo de Borja: mwekundu mzito wa Hispania kwa bei ndogo

Zabibu_Kavu
Wakuu, natafuta mvinyo mwekundu wa Hispania, mzito, wa kunywa na nyama choma, usiozidi euro 8 kwa bei ya huko huko. Nimebakiza tatu, kwa jina la zabibu na eneo inakotoka: Monastrell ya Jumilla, Tinta de Toro isiyopita kwenye pipa, na Garnacha ya Campo de Borja. Zote lebo inasema kileo 14.5%. Ipi nzito kweli?

Kizibo
Mkuu, kileo peke yake hakitakwambia. Hizo tatu zimelingana kwenye lebo tu, mdomoni kila moja ina tabia yake.

Monastrell ina punje ndogo zenye ganda nene na huchelewa kuiva. Jumilla ina jua kali, mvua haba na udongo wa chokaa, basi inaiva sawasawa: rangi nzito, matunda meusi, ukakasi wa kutosha. Tinta de Toro ni Tempranillo iliyozoea kiangazi cha mkoa wa Zamora, liliko eneo la Toro. Ikiwa changa inakausha ufizi kuliko zote. Garnacha ganda lake ni jembamba, kwa hiyo rangi hafifu, ukakasi kidogo. Uzito wake unatoka kwenye kileo na ulaini.

Kwa nyama yenye mafuta, Jumilla. Toro ya pili.

MezaYaPwani
Garnacha mnaionea. Mizabibu mizee ya Campo de Borja, chini ya mlima Moncayo, huzaa vichala vichache, na mvinyo wake hauna wepesi wowote. Halafu nyama ikiwa na pilipili, tanini za Toro, yaani kile kinacholeta ukakasi, zinageuka uchungu. Hapo Garnacha iliyopozwa kidogo inashinda.

Kizibo
Kwenye pilipili nakubali. Ila kileo nacho huzidisha muwasho, kwa hiyo hilo neno "iliyopozwa" lisisahaulike.

GlasiTatu
Mwenye kuuliza, zionje zote pamoja na lebo zikiwa zimefichwa. Mtu mwingine azifunike kwa karatasi na kuzipa namba. Glasi za umbo moja, mililita 50 kila moja, joto nyuzi 16 hadi 18. Chupa iliyotoka kwenye chumba cha nyuzi 30 ikae friji kwanza mpaka ifikie joto hilo. Ukionja ikiwa na joto, kileo kinapanda puani na Garnacha itanuka spiriti; ukiigandisha, ukakasi unazidi na Toro ndiyo itakayoonewa. Watu wengi huhukumu joto la chupa wakidhani wanahukumu mvinyo.

Nusa kwanza, kisha tikisa, unuse tena. Chukua kama vijiko viwili vya chai, zungusha mdomoni sekunde 10, tema. Mate yakitiririka, hiyo ni asidi. Ufizi ukikauka, tanini. Koo likiwaka, kileo. Mvinyo mzito mzuri una vyote vitatu, na ladha ya tunda inabaki baada ya kutema. Ukibaki moto tu, ni kileo kimejivisha uzito. Rudia duru ya pili kwa kugeuza mpangilio, maana tanini za glasi iliyotangulia hubaki ulimini. Katikati tumia maji na mkate mkavu, si jibini: inaficha makosa.

Michirizi kwenye glasi achana nayo, haipimi ubora.

Zabibu_Kavu
Na ile inayojaza mdomo kwa sababu ya sukari?

GlasiTatu
Ipo. Sheria ya Ulaya inaruhusu mvinyo uitwe mkavu ukiwa na sukari hadi gramu 4 kwa lita, hata 9 asidi ikiwa juu vya kutosha. Ziba pua, onja. Utamu ukipotea, ulikuwa harufu ya tunda lililoiva. Ukibaki kwenye ulimi, shuku sukari.

MezaYaPwani
Makosa ya kuangalia: Monastrell ikinuka yai au kiberiti, imekosa hewa. Mimina kwenye jagi, subiri nusu saa. Ikinuka boksi lililoloa, kizibo kimeiharibu, na hewa haitasaidia. Kizibo kilichochomoza pamoja na ladha ya jemu iliyoungua ni dalili ya chupa iliyopigwa joto njiani au dukani. Kwenye miji yetu ya joto hili ndilo la kuogopa zaidi. Vanila kali kwenye chupa ya euro 4 mara nyingi ni vipande vya mti wa mwaloni vilivyotiwa kwenye mvinyo, si pipa. Neno Crianza kwenye lebo lina maana kisheria: kwa nyekundu, mvinyo umekomazwa angalau miezi 24, 6 kati yake pipani.

Kizibo
Kwa bei hiyo chagua mavuno ya miaka miwili au mitatu iliyopita, zaidi ya hapo tunda linaanza kufifia. Na Garnacha usiiache jagini, hewa inaichosha upesi. Inayobaki ifunge, irudishe friji: Garnacha imalize kesho yake, Jumilla na Toro zinavumilia siku mbili tatu.