Fomu ya serikali iliwahi kukuuliza kabila? Tupeane uzoefu

Mleta uzi
Wakuu salaam. Sensa ya 2022 hapa Tanzania karani alikaa sebuleni kwetu na kishikwambi chake karibu saa nzima, kauliza mifugo, kauliza choo ni cha aina gani, kabila hajaligusa kabisa. Shemeji yangu Mkenya alikuwepo akabaki anashangaa, kwao 2019 waliulizwa. Mzee akasema huku mara ya mwisho sensa kuuliza kabila ni 1967, yeye bado anachunga mbuzi. Ndo nikawaza, kumbe hata hii ya sisi kutaniana bila kushikana mashati kuna watu walikaa ofisini wakaipanga? Huko kwenu mmekutana na nini?

Kijana wa Mara
Form five serikali ikanipangia Mtwara, sijawahi hata kuvuka Dodoma. Kitanda cha juu Mmakonde cha chini mimi, wiki ya kwanza tumefundishana matusi ya kilugha tu, miaka imeenda nikaja kumuoa dada yake. Sina la kuongeza.

Binti Garissa
Mimi ni Msomali wa Kenya. Nilipofika 18 wenzangu wa darasa walienda kuchukuliwa alama za vidole za kitambulisho wakarudi nyumbani, sisi tukaitwa kupigwa msasa, yaani kuhojiwa kama kweli ni Wakenya, mbele ya wazee. Nikabeba kitambulisho cha baba na cha babu, bado mzee mmoja ananiuliza eti babu yako alikuwa akinywesha ngamia kisima gani. Nitajuaje? Nikarudishwa mara mbili. Halafu nchi hiyohiyo ina sheria ya uwiano ya 2008, ofisi ya umma isizidishe theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja, basi nilipoajiriwa mwenzangu akaninong'oneza kuwa nimebebwa na kabila. Yaani kitambulisho nacheleweshewa kwa kabila, kazi naambiwa nimepewa kwa kabila. Hata kukasirika sikujua nianzie wapi.

Mjukuu
Bibi yangu Mnyarwanda alitunza kitambulisho chake cha zamani ndani ya Biblia. Kuna mstari umeandikwa Hutu, Tutsi, Twa, mengine yamekatwa kwa kalamu limebaki moja. Mambo hayo yaliletwa na Wabelgiji miaka ya 1930, 1994 ukisimamishwa kwenye kizuizi ule mkato wa kalamu ndo unaamua kama unapita. Cha kwangu hakina hiyo sehemu. Nilipompelekea akione alikigeuza mbele na nyuma, mbele na nyuma, akanirudishia bila neno.

Mzee wa Kona
Mleta uzi usijidanganye na sensa. Mimi niliibiwa simu nikaenda kituoni kutoa maelezo: jina, umri, kabila, dini. Nikasema andika Mtanzania, afande akacheka, akaangalia jina la baba akajaza mwenyewe.

Mleta uzi
Hahaha akaandika nini mkuu?

Mzee wa Kona
Mchaga. Mimi Mpare.