Nyololo 2012: kufungwa kwa askari mmoja kulitosha?

Kamwene wadau.

Juzi nilikuwa kwenye Noah kutoka Mafinga kwenda Makambako. Tulipofika Nyololo nikavua kofia, kama ninavyofanya siku zote. Kijana niliyekaa naye akauliza kulikoni. Nikamwambia hapa ndipo alipouawa Daudi Mwangosi. Jina hilo hakuwahi kulisikia. Mama wa siti ya mbele akageuka: "Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Aliyefanya si alifungwa?" Gari zima likamuunga mkono. Limenikaa rohoni, nimeona nilete hapa.

Kwa wasiojua: tarehe 2 Septemba 2012 CHADEMA walikuwa wanafungua tawi pale Nyololo, wilaya ya Mufindi. Polisi wakataka shughuli za siasa zisimame kwa sababu sensa ilikuwa bado inaendelea. Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, alikuwa kazini. Picha za siku ile zinamwonyesha amezingirwa na askari wenye kofia ngumu, wanampiga. Kisha bomu la machozi likafyatuliwa karibu kabisa na mwili wake. Alikufa palepale. Wakamzika kwao Rungwe.

Julai 2016 Mahakama Kuu hapo Iringa ikamtia hatiani askari mmoja wa cheo cha chini, kwa kuua bila kukusudia. Miaka 15. Watu wengi wakaona yamekwisha.

Mimi nakataa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilichunguza mwaka uleule ikasema polisi walivunja haki za binadamu na misingi ya utawala bora. Walivunja, si alivunja. Jela akaenda mmoja. Waliomzingira je? Aliyepanga kikosi kile kiende kijijini na mabomu kwa ajili ya ufunguzi wa tawi, yeye alijieleza kwa nani?

Na hili la kusema ni ya zamani ndilo linaloniuma zaidi. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa waliyotendewa watu wetu katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Nani alimwambia yaliyopita si ndwele? Tulisema bado, na mafuvu ya wazee wetu waliyoyachukua yarudi. Sisi wa Iringa ndio kabisa. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliandikwa kwenye Mkataba wa Versailles mwaka 1919, ibara ya 246, lakini Kalenga lilifika 1954. Deni la Mjerumani haliozi hata baada ya miaka mia. La kwetu, ambalo mashahidi wake bado wanalima Mufindi, limeozaje?

Ninachotaka ni chombo huru cha kisheria kinachochunguza kila kifo kilicho mikononi mwa polisi, kikianza na aliyetoa amri. Kenya wanacho, IPOA, tangu 2011. Hakijamaliza mauaji, Juni 2024 tuliona wenyewe vijana wakipigwa risasi Nairobi. Lakini ndugu wa marehemu wana mlango wa kubisha ambao si kituo kilekile cha polisi.

Mstaafu, Uyole
Mleta mada, umesema kweli nusu. Nimevaa magwanda ya polisi karibu miaka thelathini. Kijana aliyetoka depo hana ubavu wa kumuuliza mkubwa wake "kwa nini". Ndiyo maana na mimi iliniuma kuona wa chini peke yake kizimbani. Naye ana mama. Ila ukianza kuwafunga makamanda, siku watu wanachomana moto kwa tuhuma za uchawi, hakuna atakayethubutu kutoa amri ya kuingia. Mimi ningependa wakubwa waitwe, waseme yote mbele ya familia, halafu yaishe. Ukiwatishia jela watafunga mdomo mpaka kaburini.

Mleta mada
Shikamoo mzee. Hapo kwa kijana wa depo umenigusa, sikuwa nimemfikiria mama yake. Hata la watu kufunga mdomo nalikubali. Ila kuhusu kuogopa kutoa amri, kamanda anayeingia kuokoa bibi anayetaka kuchomwa hana cha kuogopa mahakamani. Anayepaswa kuogopa ni yule anayepeleka mabomu kwa watu wanaopandisha bendera. Tukimwambia mapema kwamba akisema tu yataisha, atapanga maneno yake kabla hata ya kutoka kituoni.

Tukutane hapa, mzee: waseme kwanza, na wasemee Nyololo, kando ya barabara ileile, si ukumbini Dodoma. Kisha mahakama, siyo sisi wala wao, iamue nani anasamehewa.

Naomba hasa mchango wa wale mliokuwepo siku ile.