Mmemliza mama mkwe wangu juu ya kaburi la watu baki: uzi wa hasira kuhusu "watafiti" wa nasaba za Ayalandi

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nauandika nikiwa nimekasirika kwelikweli. Naomba wasimamizi wasiuhamishe, kwa sababu najua humu kuna ndugu wengi wa ughaibuni walioolewa au kuoa kwenye familia za Kiayalandi, na siku moja mtaombwa mchange pesa kama tulivyoombwa sisi.

Mimi ni wa Tanga, naishi Boston mwaka wa kumi na moja sasa. Mume wangu ni mzaliwa wa hapa. Mama yake, ambaye kwangu ni mama hasa, ana miaka 81. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, Delia King, mpaka bibi alipofariki 1951. Tangu nimemfahamu mama amekuwa na ombi moja tu: kabla hajafa asimame mahali bibi yake alipotoka.

Mwaka juzi tukachanga dola 1,800, watoto na wakwe wote, tukawapa kampuni inayojitangaza kuwa mabingwa wa asili za Waayalandi. Kampuni siitaji, sina nguvu ya kesi. Tuliwapa kila tulichokuwa nacho: mwaka Delia aliofika Marekani kutoka Ayalandi, 1883, bandari aliyoshukia, Boston, na neno moja ambalo mama analo kichwani tangu utotoni, kwa sababu bibi alikuwa akilitaja kila akikumbuka nyumbani: Carna.

Baada ya miezi mitatu likaja kabrasha lenye jalada la kupendeza. Delia wetu, walisema, ni Bridget King aliyebatizwa Limerick, Ayalandi, mwaka 1866. Wazazi wapo, babu yupo, hadi makaburi wakatuonyesha. Mama akasafiri na magoti yake mabovu. Akapiga magoti kwenye majani mabichi, akalia, akaiacha pale rozari ya bibi yake. Rozari ile Delia alitoka nayo kwao.

Sasa iko Limerick, juu ya kaburi la watu ambao si ndugu zetu hata kwa mbali.

Nilijuaje? Nilikaa jioni moja kwenye tovuti ya serikali ya Ayalandi ambayo hailipishi hata senti. Yule Bridget King wa Limerick aliolewa huko huko mwaka 1889. Baba yule yule, kitongoji kile kile. Mwaka 1901 yupo kwenye sensa akiwa na mume na watoto, na 1911 yupo tena. Hakuwahi kupanda meli. Wakati huo Delia wetu alikuwa anafua nguo za watu hapa Boston. Walilipwa dola 1,800 na hawakuangalia sensa ya bure.

Nikawaandikia. Someni walivyonijibu: kutofautiana kidogo ni kawaida kwa sababu "makarani wa Ellis Island walibadilisha majina ya wahamiaji". Nilitetemeka. Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892! Delia alishuka Boston 1883, miaka tisa kabla, katika mji mwingine kabisa. Na hata kwa waliopita pale, hadithi hiyo ni uongo uliozeeka. Orodha za abiria ziliandikwa na watu wa kampuni ya meli kule safari ilikoanzia. Karani wa New York alikuwa na orodha mezani, anaita jina, anauliza maswali, anaweka alama. Hakuwa na kazi ya kumpa mtu jina jipya. Majina ya Waayalandi yalikuwa yamebadilika zamani, wakiwa bado kwao, na hilo ndilo jambo ambalo mtu anayejiita mtaalamu wa Ayalandi alipaswa kulijua kabla ya kupokea pesa yetu.

Niwaeleze jinsi lilivyo, maana mimi Mtanga nimelielewa kwa miezi minne ya usiku.

Majina yao ya asili ni ya Kiayalandi. "Mac" ni mwana wa fulani, kama bin kwetu. "Ó" ni wa kizazi cha fulani. Mwanamke anakuwa "Nic" au "Ní", yaani binti. Wakati Waingereza wanatawala, maandishi ya serikali yakawa ya Kiingereza, na kila karani akaandika alichosikia. Wengine walipoteza Ó na Mac zao, wajukuu wakazirudisha mwishoni mwa karne ya 19 hamasa ya utaifa ilipopanda. Kwa hiyo Sullivan na O'Sullivan wanaweza kuwa baba na mwana wa nyumba moja. Wengine walitafsiriwa kabisa. Mac Gabhann wa kaunti ya Cavan akawa Smith kwa kuwa "gabha" ni mhunzi. Mac an Iomaire wa Connemara akawa Ridge, yaani tuta. Ni kama karani amkute Mzee Simba kule Korogwe amwandike Lion, halafu wajukuu zake Marekani waambiwe watafute akina Lion wa London.

Na King wetu? Connemara, pwani ya magharibi ya kaunti ya Galway, kuna ukoo wa Mac Conraoi. Kwa Kiingereza kawaida ni Conroy au Conry. Lakini mwisho wa jina unasikika kama "rí", neno lao la mfalme, basi makarani wakaandika King. Tafsiri yenyewe ya kukosea! Kila anayejua Connemara anajua kwamba King wa huko ni Conroy. Carna iko wapi? Connemara. Tuliwapa ufunguo mkononi wakautupa, kwa sababu kwenye programu yao waliandika "Bridget King, 1866", likatokea jina lililofanana herufi kwa herufi, wakafunga kazi.

Nilianzia hapa Boston, si Ayalandi. Cheti cha ndoa ya Delia cha Massachusetts kinataja wazazi wa bibi harusi: Patrick, na Mary ambaye jina la kwao limeandikwa Mulkern. Sensa ya Marekani ya 1900 inaonyesha nyumbani kwa Delia anaishi shemeji wa mumewe, yaani dada yake Delia. Huyo dada alipoolewa aliandikwa Conroy. Wazazi wale wale, Patrick na Mary. Dada wawili wa tumbo moja, chini ya dari moja, mmoja King mwingine Conroy! Niliruka kwenye kiti.

Kutoka hapo nikaingia kwenye madaftari ya parokia za Katoliki. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliyaweka mtandaoni bure tangu 2015, picha za kurasa zenyewe. Parokia ya Moyrus, ndiyo yenye Carna. Mwandiko wa padri mbaya, wino umefifia, nilisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka macho yakauma. Nikamkuta. Bridget Conry, baba Patrick, mama Mary Mulkerrin, na msimamizi wa ubatizo ni Mulkerrin mwingine, jina la kwao kabisa eneo lile. Delia ni kifupi cha Bridget, hilo hata mama alilijua. Kuna mambo mengine kama hayo yanayowapoteza watu kila siku: Jeremiah anaitwa Darby, Tadhg anaandikwa Timothy au Thaddeus, Honora ni Nora, na kwenye parokia nyingi padri aliandika Kilatini, William akawa Gulielmus na James akawa Jacobus. Cha kushukuru ni kwamba Wakatoliki wa huko walimwandika mama kwa jina la kwao, si la mume. Bila Mulkerrin ningekuwa bado gizani.

Kuzaliwa kwake hakukuandikishwa serikalini. Usajili wa wote ulianza 1864 na miaka ile ya mwanzo wengi wa vijijini hawakwenda kuandikisha. Kaka yake aliyebaki nimempata kwenye sensa: 1901 ni King, 1911 ni Conroy, nyumba ile ile. Baba yao 1901 ana miaka 60, 1911 ana 74. Msicheke, alikuwa na sababu. Sheria ya pensheni ya wazee ilipitishwa 1908, ikaanza kulipa Januari 1909 kwa wenye miaka 70, na maskini asiye na cheti angefanya nini? Mtafiti wa kweli anajua umri wa karatasi haukatai mtu wala haumkubali peke yake. Wale wetu waliukataa mji sahihi na kuukubali usio sahihi kwa tarakimu moja tu, 1866.

Nilipowaletea haya yote, wakabadilisha wimbo. Sasa ikawa "kumbukumbu za Ayalandi ziliungua 1922, hivyo hakuna uhakika". Hiki kisingizio kinaniuma kuliko kile cha kwanza, kwa sababu nusu yake ni kweli na watu wanaamini. Ndiyo, tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza Dublin, ofisi ya kumbukumbu pale Four Courts, majengo ya mahakama, ililipuka na kuungua. Zikateketea sensa za 1821 hadi 1851 isipokuwa vipande, wasia, na zaidi ya nusu ya madaftari ya Kanisa la Ayalandi, la Kianglikana. Lakini sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali miaka mingi kabla ya moto, na za 1881 na 1891 ziligeuzwa karatasi chakavu wakati wa vita kuu ya kwanza. Na madaftari ya Katoliki hayakuwemo mle ndani, yalikuwa parokiani. Vyeti vya serikali vimebaki. Sensa za 1901 na 1911 zimebaki kamili. Orodha ya wapangaji wa ardhi ya Griffith ya 1847 hadi 1864, iliyobeba majina ya wakulima kitongoji kwa kitongoji, imebaki. Kila nilichokitumia mimi hakikuungua!

Halafu kuna hili la mtandaoni. Ule mti wa ukoo wa uongo waliuweka wazi. Nilipohesabu mwezi uliopita, miti 43 ya watu wengine imeunakili, na kampuni ikanionyesha hiyo miti kama ushahidi kwamba wako sahihi. Wameandika uongo, wengine wameunakili, sasa nakala ndizo mashahidi. Mnamkumbuka Annie Moore, msichana wa Cork, mtu wa kwanza kabisa kupita Ellis Island? Kwa miaka mingi vitabu vilisema alikwenda Texas, akasifiwa na kusimuliwa. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak akathibitisha kwamba yule wa Texas alizaliwa Illinois, Marekani. Annie wa kweli hakuondoka New York, alikufa 1924 na kuzikwa Queens kwenye kaburi lisilo na jiwe. Ikiwa mhamiaji maarufu kuliko wote alipotezwa kwa kunakili, Delia mfua nguo atasalimika vipi?

Nawaomba wenye ile miti: ukiona Bridget King wa Limerick ameunganishwa na Boston, mfute. Nimewaandikia wote 43. Sita wamejibu, wawili wamefuta. Mmoja aliniuliza mimi Mwafrika ukoo wa Kiayalandi unanihusu nini. Unanihusu kwa sababu wanangu wawili ni vitukuu wa mtoto wa Delia, na binti yangu wa kwanza anaitwa Delia.

Pesa hawajarudisha. Wametupa "punguzo la asilimia 20" kwa utafiti mwingine.

Kwa mama nilichelewa kusema. Nilikaa na habari wiki nne. Nilipomwambia hakuuliza habari ya pesa wala kampuni, aliuliza tu, "Rozari je?" Nikashindwa kujibu.

Daktari amemkataza ndege sasa. Kwa hiyo nina ombi, na ndilo lililonifanya nifungue uzi. Kama kuna mwenzetu anaishi Galway au ana safari ya huko, anitumie ujumbe wa faragha. Nahitaji mtu wa kufika makaburi ya zamani ya Moyrus, yako karibu na bahari, apige picha za kila jiwe lenye Conroy, Conry, King au Mulkerrin, hata likiwa halisomeki. Mafuta ya gari nitalipa. Na kama yupo Limerick, nitamweleza rozari iko wapi.