Wauza mitambo ya baridi Moshi, acheni kutuuzia rangi ya bluu kama kinga ya koili!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Nafuga na kuchinja kuku wa nyama huku Mabogini. Kondensa ya chumba changu cha baridi, ule mtambo wa nje unaotoa joto, iko nyuma, upande wa mabanda. Koili yake ni mabomba ya shaba yaliyopitishwa kwenye fini, yaani vipande vyembamba vya alumini. Jamaa aliyeniuzia alikuja akapaona kwa macho yake, akanusa, akasema, "Bosi, hapa kuna amonia. Usichukue koili ya kawaida, chukua hii yenye kinga." Bei ikapanda, nikalipa.

Leo hiyo koili ni takataka. Ukigusa fini zinapukutika, kidole kinatoka na unga mweupe. Gesi imevuja pale bomba la shaba linapopiga kona, kuku wameoza na hoteli niliyokuwa naipelekea mzigo imetafuta mtu mwingine.

Nikaenda dukani. Najibiwa eti "alumini haishiki kutu, hilo ni vumbi tu." Vumbi! Alumini haitoi kutu nyekundu kama bati, sawa, lakini inaliwa, na ikiliwa inaacha unga mweupe huohuo. Pale fini ya alumini inapokutana na bomba la shaba, pakiwa na unyevu mchafu, alumini ndiyo inayoliwa kwanza. Na amonia ya kinyesi cha kuku inashambulia shaba yenyewe. Mtu anayeuza mitambo hii kila siku hawezi kuniambia hayajui haya, maana amonia ni yeye aliyeitaja!

Hiyo "kinga" yao ni ule utando wa bluu mnaouona hata kwenye viyoyozi vya kawaida. Kazi yake kubwa ni kufanya maji yateleze haraka yasing'ang'anie kati ya fini. Inasaidia kidogo kwenye unyevu, sikatai. Lakini unene wake ni mikroni chache tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na inapakwa kwenye karatasi ya alumini KABLA haijakatwa na kutobolewa matundu ya bomba. Maana yake kila ukingo uliokatwa uko uchi, na bomba la shaba halikupakwa kitu. Nimeng'oa fini moja nikaiangalia juani: katikati bado ina bluu yake safi, ukingo umeliwa kama jani lililoingiwa na viwavi.

Kinga ya kweli ipo. Koili ikishaungwa nzima inasafishwa, inazamishwa kwenye tangi la rangi ya epoksi, unapitishwa umeme ili rangi ivutwe mpaka kwenye kingo na kona zote, halafu inaokwa. Unene ni kama mikroni 15 hadi 30, kwa hiyo joto linapita vizuri na hewa haizibwi. Ipo pia rangi ya poliyurethani inayopulizwa na watu waliofundishwa, baada ya koili kuoshwa hadi ndani. Siyo ile rangi ya kopo mafundi wetu wanayopuliza usoni, ndani kukabaki kukavu na hewa ikaziba.

Halafu wakanitolea cheti cha majaribio ya chumvi. Jamani, jaribio lile ni kunyunyizia maji ya chumvi asilimia 5 kwenye joto la nyuzi 35. Moshi kuna bahari gani? Cheti cha chumvi hakikuambii lolote kuhusu amonia, na yeye alishaniambia tatizo langu ni amonia.

Na fundi wao wa sevisi ndiye aliyekuwa anaosha koili kwa dawa yenye kostiki soda. Povu likipanda anafurahi, "uchafu unatoka huo." Kostiki inakula alumini, wakuu, na lile povu linabeba gesi inayozaliwa alumini inapoyeyuka! Sasa wananiambia waranti haihusu "mazingira." Mazingira yaleyale waliyoyatumia kunipandishia bei.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na malalamiko yangu nayapeleka FCC, Tume ya Ushindani, nikiwa na risiti na hizo fini kwenye mfuko. Nataka pesa ya hiyo "kinga" na koili mpya.

Mwenye koili iliyozamishwa epoksi, awe Moshi au Arusha, hasa nyie wa mabanda ya kuku, naomba aseme aliagizaje na imedumu muda gani. Na kama kuna mwingine aliyeuziwa bluu kama mimi ajitokeze hapa, twende pamoja.